Mkataba wa Haki za Jamii na Msitu wa Kikole

Wanachuo wetu, wafikapo kwenye somo la mikataba ya kimataifa, huuliza swali moja: mkataba uliokubaliwa New York unamhusu nini mkulima wa ufuta wa Kikole, huko bara ya Wilaya ya Kilwa? Swali hilo ni la haki, na halijibiwi kwa kukariri orodha ya mikataba. Hujibiwa kwa kueleza njia ambayo ahadi ya nchi hupitia mpaka ikawa darasa, dawa au mfuko wa kijiji, na kueleza mahali ambapo ahadi hiyo hukwama.

Mkataba wenyewe ni ule wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni. Ulipitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 16 Desemba 1966, ukaanza kutumika Januari 1976, na Tanzania ikajiunga nao Juni mwaka huo huo. Unahusu kazi na ujira wa haki, chakula, makazi, afya na elimu. Kada atambue kwamba hatukuanza kuyatenda hayo kwa kuamriwa na mkataba. Azimio la Arusha lilitangulia kwa miaka tisa. Uamuzi wa Musoma wa Novemba 1974, wa kumpatia kila mtoto elimu ya msingi ifikapo 1977, ulikuwa tayari unatekelezwa. Mkataba uliikuta kazi imekwisha kuanza. Ukaigeuza kazi hiyo kuwa deni.

Kifungu kinachopotoshwa kuliko vyote ni cha 2. Kinasema nchi itazitimiza haki hizi hatua kwa hatua, kwa kadiri ya juu kabisa ya uwezo ilionao. Nimewasikia viongozi wakikitumia kifungu hiki kama mto wa kulalia: hatuna fedha, basi tusubiri. Hiyo siyo maana yake. Mwaka 1990 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba ilifafanua kwamba kuna wajibu usiosubiri fedha. Ni lazima kuanza kuchukua hatua mara moja. Ni marufuku kubagua. Na nchi inayorudi nyuma ni lazima itoe sababu nzito.

Historia yetu wenyewe yatufundisha. Baada ya vita vya Kagera, na bei za mafuta na mazao kutugeuka, miaka ya 1980 iliirudisha michango na ada ambazo Musoma ilikuwa imezipa kisogo. Mashirika ya fedha ya kibeberu yalidai matumizi ya huduma za jamii yabanwe. Ada za shule za msingi zilifutwa tena wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza 2002. Kurudi nyuma huko kulikuwa na sababu za kiuchumi, na kada azijue. Lakini lilipokuja suala la msichana aliyejifungua kuzuiwa kurudi darasani, kisingizio cha fedha hakikuwapo hata kidogo. Zuio hilo liliondolewa Novemba 2021; na mwaka 2022 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki za Mtoto iliamua kwamba lilikuwa limevunja haki. Huo ndio wajibu usiosubiri bajeti.

Sasa tuitazame sheria. Kwetu mkataba haugeuki kuwa sheria ya nchi kwa kuridhiwa tu. Bunge hutakiwa kutunga sheria. Mkataba wa Haki za Mtoto tuliuridhia 1991, Sheria ya Mtoto ikatungwa 2009. Miaka kumi na minane! Katiba nayo, katika ibara ya 11, inaitaja haki ya kufanya kazi na ya kujielimisha, lakini ibara ya 7 inaziondolea mahakama uwezo wa kuyatilia nguvu masharti ya sehemu hiyo. Kwa hiyo mwananchi aliyekosa shule hawezi kuifungulia serikali kesi kwa ibara hiyo peke yake. Mlinzi aliyebaki ni siasa: vikao, bajeti na macho ya umma. Juu ya hayo nchi hutakiwa kupeleka ripoti. Ripoti yetu ya pamoja, ya kwanza hadi ya tatu, ilijadiliwa Geneva mwaka 2012, miaka 36 baada ya kujiunga.

Turudi Kikole. Kifungu cha 1 cha mkataba, ambacho wasomaji wengi hukiruka, kinasema umma hauwezi kwa hali yoyote kunyang'anywa njia zake za kujikimu. Njia mojawapo ya Kikole ni msitu wenye mpingo, mti unaochukua zaidi ya miaka 70 kukomaa, na ambao ng'ambo hufanywa zumari za thamani kubwa. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa kwenye mto Rufiji mwaka 2003, malori ya magogo yalipata barabara. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu biashara ya mbao kusini ulionyesha kwamba hadi asilimia 96 ya mapato ambayo serikali ingestahili kuyapata yalikuwa yakipotea. Mlanguzi alineemeka, kijiji kilibaki na visiki.

Kilichobadilisha mambo ni sheria iliyoshushwa hadi kijijini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zilikiwezesha kijiji kutenga msitu wake, kutunga sheria ndogo na kupokea mapato yake. Kikole, ikisaidiwa na shirika la uhifadhi wa mpingo lililoko Kilwa, ilishika njia hiyo. Mwaka 2009 misitu ya Kikole na jirani yake Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii. Kamati ya maliasili hupima na kulinda; Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio wenye kauli juu ya fedha.

Katika semina moja mwanachuo aliniuliza: kijiji kikijenga zahanati kwa fedha za mpingo, je, serikali imetimiza mkataba, au kijiji kimeifanyia serikali kazi yake? Ukumbi ulicheka, lakini mimi sikucheka. Fedha za msitu ni haki ya kijiji chini ya kifungu cha 1. Afya ni deni la serikali chini ya kifungu cha 12. La kwanza haliwezi kulipa la pili. Kijiji kinaweza kusimamisha kuta na kuezeka mabati. Hakiwezi kumsomesha mganga, kumpangia kituo wala kumlipa mshahara, na zahanati yenye kufuli haimtibu mtu. Kwa hiyo kada anayehudhuria Mkutano Mkuu, mapato na matumizi yanaposomwa, asiishie kuuliza kijiji kimetumia nini. Aulize pia halmashauri ya wilaya imeleta nini mwaka huu, na jibu liandikwe katika muhtasari.