Mchango wa Wachoctaw

Sogeeni karibu, wanangu. Hadithi hii ni ya kweli, na inaanza na safari mbaya.

Kule Marekani, katika jimbo la Mississippi, waliishi Wachoctaw, wenyeji asilia wa nchi ile, wakulima wa mahindi. Serikali iliitaka ardhi yao. Kuanzia 1831 wakahamishwa kwenda magharibi, mahali panapoitwa Oklahoma leo. Theluji iliwakuta njiani, wengine miguu peku. Chakula kikaisha, kipindupindu kikafuata. Walikufa kwa maelfu.

Hata miaka 20 haijatimia, wakasikia habari za ng'ambo. Huko Ayalandi, viazi vilikuwa vimeozea ardhini kwa ugonjwa, na viazi kwa maskini wa kule vilikuwa kama ugali kwetu. Njaa ile iliua watu wapatao milioni moja, huku nafaka ikipakiwa melini kwenda Uingereza.

Machi 1847, Wachoctaw wakakutana Skullyville, wakachanga dola 170. Hakuna aliyewalazimisha, na wenyewe walikuwa bado wanajijenga upya. Naona mimi, aliyemzika mtoto njiani kwa njaa haelezwi sana njaa ni nini.

Lakini ngojeni, msishangilie bado. Matajiri miongoni mwa Wachoctaw walikuwa na watumwa, Waafrika, waliotembezwa safari ile ile kwenye baridi ile ile. Siku ya mchango walikuwa bado watumwa. Njaa ya ng'ambo ilionekana. Mtumwa aliyekuwa akipika pale pale jikoni hakuonekana. Mateso humfumbua mtu jicho, ila si lazima yamfumbue yote mawili.

Waayalandi hawakusahau. Mwaka 2017, mjini Midleton, ilizinduliwa sanamu ya manyoya 9 ya chuma, marefu kuliko nyumba, kwa heshima ya Wachoctaw. Mwaka 2020 korona ilipowaelemea Wanavajo na Wahopi, Waayalandi wengi wakatuma fedha, baadhi wakiandika kwamba wanalipa fadhila ya 1847. Hao ni wenyeji asilia wa Marekani pia, lakini si Wachoctaw, ni mataifa mengine kabisa. Deni likalipwa kwa jirani, na sioni ubaya.

Na wale watumwa? Waliachwa huru kwa mkataba wa 1866 kati ya Wachoctaw na serikali ya Marekani. Lakini katiba ya Wachoctaw ya 1983 ilitaka raia awe wa damu ya Kichoctaw, na wajukuu wao wanaodai uraia wamekuwa wakizungushwa tangu hapo.