Madirisha: Chagua Aina Mapema, Pima Ukuta Ukiwa Tayari

Kitengela, Isinya, Ngong na Ongata Rongai ni miongoni mwa maeneo ya Kaunti ya Kajiado ambako wakazi wengi hujenga nyumba hatua kwa hatua, kadiri fedha zinavyopatikana. Mara nyingi mwenye ploti hufanya kazi Nairobi au mbali zaidi, na huja kuona ujenzi wikendi pekee. Katika hali hiyo, madirisha huweza kuleta hasara isiyo ya lazima. Yakitengenezwa kabla ya wakati, hufika yakiwa makubwa au madogo kuliko nafasi iliyoachwa. Hapo fundi hulazimika kubomoa sehemu ya ukuta au kujaza pengo kwa saruji, na gharama humrudia mwenye nyumba.

Hasara hiyo huepukwa kwa kutenganisha mambo mawili: aina ya dirisha huamuliwa mapema, lakini vipimo vya kutengenezea huchukuliwa ukutani, baadaye.

Uamuzi wa mapema

Kabla ukuta haujafika usawa wa madirisha, mwenye nyumba anapaswa kumweleza fundi wa mawe kama madirisha yatakuwa ya chuma, alumini au mbao. Fundi akijua hilo, ataacha nafasi inayofaa. Huu pia ndio wakati wa kuamua kuhusu grili na matundu ya hewa. Chumba kinachotumia jiko la makaa kinahitaji hewa inayopita hata dirisha likiwa limefungwa. Katika vyumba vya kulala, angalau grili moja iwe ya kufunguka kutoka ndani, ili watu waweze kutoka moto ukizuka.

Vipimo vya ramani na vipimo vya ukuta

Ramani inaweza kuonyesha dirisha la milimita 1,500 kwa 1,200, yaani takriban futi 5 kwa 4. Hata hivyo, mawe ya kujengea hayalingani kabisa, na unene wa saruji kati yake hutofautiana. Nafasi iliyoachwa ukutani inaweza kupishana na ramani kwa sentimita kadhaa.

Kwa hiyo vipimo huchukuliwa baada ya kuta kusimama, linta kumwagwa na mbao zilizoishikilia kuondolewa. Mbao hizo zisiondolewe kwa haraka ili dirisha lipimwe. Zege huendelea kukomaa kwa muda, na nguvu zake hukadiriwa kwa kipimo cha siku 28.

Fundi wa madirisha anapaswa kufika mwenyewe na tepu. Upana hupimwa mara tatu: juu, katikati na chini. Urefu wa kwenda juu pia hupimwa mara tatu: kushoto, katikati na kulia. Kipimo kidogo zaidi ndicho hutumika. Kisha hupimwa kutoka pembe hadi pembe, pande zote mbili. Vipimo hivyo viwili visipolingana, nafasi imekwenda upande na inafaa kurekebishwa kwanza. Kila dirisha lipewe namba yake, hata kama yote yanaonekana sawa kwa macho.

Chuma kabla ya plasta, alumini baada yake

Fremu ya chuma huwekwa kabla ya plasta. Miguu yake midogo ya chuma huingizwa katika mashimo ukutani na kushikwa kwa saruji, baada ya fundi kuhakikisha kwa timazi na pimamaji kwamba imesimama wima. Fremu iwe imepakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya kuwekwa. Vioo hufuata plasta ikishamalizika, ili visivunjike wala kuchafuliwa na saruji.

Alumini huharibiwa na saruji mbichi, kwa hivyo hupimwa na kuwekwa baada ya plasta kukauka. Kosa la kawaida ni kupima kabla ya plasta na kusahau unene wake. Kwa mfano, nafasi yenye upana wa milimita 1,500 ikipigwa plasta ya milimita 15 kila upande hubaki 1,470. Ikiachwa milimita 5 kila upande kwa ajili ya kuziba, dirisha linalohitajika ni la 1,460. Aliyeagiza la 1,500 atakuwa na dirisha lisiloingia.

Udongo mweusi wa Kitengela

Sehemu kubwa ya Kitengela ina udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi. Msingi usipojengwa kulingana na udongo huo, ukuta husogea, na nyufa huanza mara nyingi kwenye pembe za madirisha. Dirisha lililobanwa sana hugoma kufunguka au kioo chake hupasuka. Ufa wa mshazari unaoendelea kupanuka haupaswi kufichwa kwa plasta. Mhandisi aitwe auchunguze kwanza.

Upepo na vumbi vya nyanda hizo pia hufanya uzibaji wa kando ya fremu kuwa muhimu. Inafaa kazi hiyo ikamilike kabla ya mvua za Machi hadi Mei, au za Oktoba hadi Desemba.

Makubaliano ya malipo

Kabla ya kutoa pesa za mwanzo, mwenye nyumba na fundi waandikiane idadi ya madirisha, vipimo vya kila moja, aina ya chuma au alumini, unene wa kioo, na nani atagharamia dirisha lisipoingia. Asiyeweza kufika anaweza kuomba picha zinazoonyesha tepu ikiwa ukutani. Salio lilipwe baada ya kila dirisha kufunguliwa na kufungwa mbele ya mwenyewe au mtu anayemwamini.

Anayetaka kubadili ukubwa au mahali pa dirisha lililo kwenye ramani iliyoidhinishwa anapaswa kumhusisha msanifu wake na kupata idhini ya kaunti kabla ya ukuta kuguswa. Linta isikatwe ili kulipa dirisha nafasi, kwa kuwa ndiyo inayobeba uzito ulio juu yake. Dirisha lisilotosha litengenezwe upya.