Gari la kujiundia nalo litafutiwe nambari

Waama ni jambo la kupendeza kumwona kijana aliyeunda gari kwa mikono yake akishangiliwa. Wapiga picha humjia, mbunge humpa mkono, majirani huleta watoto wao watazame. Lakini makofi si nambari ya usajili. Gari hilo likigusa barabara kuu, askari wa trafiki hataki kujua ni nani aliyelichomelea. Ataka nambari na cheti cha bima.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani aliunda kigari cha viti viwili kwa mabomba ya chuma na injini ya pikipiki. Wakala wa bima alipoanza kumjazia fomu alikwama mapema: gari la kampuni gani, na la mwaka gani? Kijana akajibu, "Langu, la mwaka huu." Kalamu ikawekwa chini. Kigari kingali chini ya mwembe, na kuku wamekigeuza makao.

Simlaumu wakala yule. Sheria zetu, Sura ya 403 na Sura ya 405, zadai gari lisajiliwe na liwe na bima ya kumkinga mtu wa tatu, yaani mpita njia asiyejua lolote kuhusu ubunifu wetu. Atakayelipa fidia ana haki ya kuuliza breki zilifungwa na nani. Wanaotaka masharti haya yatupiliwe mbali eti kwa ajili ya vipawa vya vijana, yamkini hawajawahi kumzika mtu aliyegongwa na gari bovu.

Hata hivyo, kati ya kukataza na kuachilia ipo njia. Huko Uingereza, Colin Chapman wa Lotus alileta gari la Lotus Seven mwaka wa 1957, nalo likawa likiuzwa vipande vipande. Aliyejiundia aliepuka kodi ya ununuzi iliyotozwa gari zima. Kodi hiyo iliondolewa mwaka wa 1973, ila mapenzi ya kujiundia hayakuondoka nayo. Serikali haikuwafukuza watu hawa barabarani, iliwawekea mtihani. Ukaguzi wa gari moja moja ulianza mwaka wa 1998, na ule unaotumika sasa ukauondoa wa awali mwaka wa 2009. Mkaguzi hutazama breki, taa, vioo, mikanda, moshi na kelele. Hupapasa hata kingo za bodi, zisije zikamkata mtu. Likifaulu, mwenyewe hupeleka cheti pamoja na risiti za vipuri, naye hupewa nambari. Gari ambalo umri wake haujulikani hupata nambari inayoanza kwa herufi Q. Naipenda sana herufi hiyo: yakiri kwamba asili ya gari haikuthibitika, na bado yaliruhusu litembee.

Bima nayo ina utaratibu wake. Kwa vile gari la namna hii halina bei sokoni, thamani yake huweza kukubaliwa mapema kwa kutazama picha na risiti. Huweza hata kukatiwa bima ya moto na wizi lingali vipande karakanani. Na kabla ya kusajiliwa, laruhusiwa kuendeshwa hadi kwenye ukaguzi uliokwisha kupangiwa siku, mradi lina bima, ambayo huandikwa kwa nambari ya fremu.

Sisi je? Mwaka wa 1986 Chuo Kikuu cha Nairobi kiliombwa kiunde gari, na mwaka wa 1990 magari ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa hadharani. Kiwanda hakikusimama, lakini nani atadai kwamba akili haikuwapo? Mamlaka ya usalama barabarani tunayo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2012, na ukaguzi wa magari ni kazi yake. Yafaa itangaze wazi, kwa lugha inayosomeka, ni nini hasa kinachopimwa katika gari la kujiundia, ili mwanafunzi ajue kabla hajashika mtambo wa kuchomelea.

Nasi walimu wa vyuo vya ufundi tusingoje tangazo. Tumzoeshe mwanafunzi kuweka kila risiti, kupiga picha kila kiungo kabla hakijapakwa rangi, na kugonga nambari kwenye fremu mahali isipofutika. Ada ya ukaguzi, itakapopangwa, isizidi bei ya injini yenyewe.