Kihisi Joto Kinapotoweka Machoni pa Kompyuta

Chanjo nyingi hutakiwa kuhifadhiwa katika joto la kati ya digrii 2 na 8 za sentigredi. Zikipata joto kupita kiasi huharibika. Na baadhi yake, kama vile ya pepopunda na ya homa ya ini aina ya B, huharibika pia zikiganda, wala si rahisi kutambua hivyo kwa kuitazama chupa baada ya barafu kuyeyuka. Kwa sababu hiyo mafundi wengi hutia vihisi joto ndani ya jokofu na kuviunganisha na kompyuta ya bao moja, kama ile iitwayo Raspberry Pi iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, ili joto liandikwe usiku na mchana. Mtambo huo ni wa bei nafuu na hufanya kazi vema, mpaka siku kompyuta inapodai kwamba haioni kihisi hata kimoja.

Jambo la kwanza wafanyalo wengi ni kwenda kununua kihisi kipya. Aghalabu fedha hizo hupotea bure, maana kihisi ni kizima na maradhi yako katika waya.

Ili kulielewa jambo hili, yafaa kutazama jinsi vyombo hivi vinavyozungumza. Kihisi kitumikacho zaidi ni DS18B20, kilichobuniwa na kampuni ya Dallas Semiconductor ya Marekani. Kina miguu mitatu: mmoja wa umeme, mmoja wa ardhi, na mmoja wa habari. Vihisi kadhaa huweza kushiriki waya mmoja wa habari, kwa kuwa kila kimoja kimepewa kiwandani namba yake ya pekee yenye tarakimu 64 za sufuri na moja. Waya huo hauna anayeusukuma juu. Huinuliwa hadi volti 3.3 na rezista moja tu ya omu 4,700, na ye yote anayetaka kusema huuvuta chini kisha akauachia. Kompyuta huanza kwa kuuvuta chini kwa muda usiopungua mikrosekunde 480, yaani sehemu 480 za sekunde iliyogawanywa mara milioni. Inapouachia, kila kihisi kilichopo huuvuta kwa mikrosekunde 60 hadi 240, kama mwanafunzi anayeitika jina lake. Kompyuta isiposikia itiko hilo huamini kwamba darasa ni tupu.

Basi mengi yanategemea wepesi wa waya kupanda baada ya kuachiliwa. Waya mrefu ni kama pipa, na rezista ni bomba jembamba la kulijaza. Waya wa kawaida wa simu una uwezo wa kuhifadhi chaji wa kama pikofaradi 50 kwa kila mita. Kwa mita 20, waya unaoinuliwa na omu 4,700 huhitaji mikrosekunde 5 hivi kufikia theluthi mbili za volti zake. Kwa mita 60 huhitaji zaidi ya 15. Lakini kila tarakimu inayotoka kwa kihisi hutakiwa kusomwa kabla mikrosekunde 15 hazijapita tangu alama yake ilipoanza. Ndiyo maana mtambo uliofanya kazi mezani hunyamaza unapofungwa ukutani, na mwenyewe akaapa kwamba hakubadilisha kitu. Alibadilisha urefu. Kuweka rezista ya omu 2,200 hupunguza muda huo kwa zaidi ya nusu. Waya mmoja unaopita kihisi hata kihisi ni bora kuliko matawi mengi yanayotoka mahali pamoja, kwa kuwa kila tawi hurudisha mwangwi wake.

Namna vihisi vinavyotoweka yenyewe ni ushahidi. Vikipotea vyote kwa pamoja, apimwe kwanza waya wa habari kwa mita ya umeme: ukiwa umetulia unapaswa kuonyesha karibu volti 3.3. Ukionyesha sufuri, ama rezista imeachia au kuna shoti. Vihisi vifunguliwe kimoja kimoja mpaka volti zirudi, maana kimoja kibovu huweza kuwanyamazisha wenzake wote. Kilichofungwa kinyume hujitambulisha chenyewe kwa kuwa moto wa kuunguza kidole. Kikipotea kimoja kisha kikarudi, atafutwe unyevu au kiungo kilicholehemiwa vibaya. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa, kila mlango wa jokofu ufunguliwapo hewa yenye mvuke huingia na kuganda matone juu ya viungo vya baridi. Na orodha ikionyesha majina ya ajabu yanayoanza na 00 badala ya 28, hivyo si vihisi bali mizuka ya waya usioinuliwa. Rezista isiunganishwe kamwe na volti 5: pini za kompyuta hiyo hazizistahimili.

Waya ukiwa salama, ndipo programu itiliwe shaka. Tangu mwaka 2015 Raspberry Pi huhitaji mstari wa dtoverlay=w1-gpio katika faili la config.txt, toleo la mfumo lililotoka mwaka 2023 lilihamishia faili hilo katika /boot/firmware, na anayehariri lile la zamani hujichosha bure. Pini inayotumika, isipoelezwa vingine, ni ile iitwayo 4, ambayo kwa kuhesabu ni ya saba. Mkanganyiko huu umepoteza jioni nyingi za watu.

Lakini kihisi kinachotoweka kabisa si hatari kuliko vyote. Umeme wa kihisi ukikatika kitambo na kurudi, huanza upya, na kabla ya kupima hutoa namba 85, huku hesabu ya kuthibitisha usahihi ikikubali kwamba ujumbe umefika salama. Angalau digrii 85 ndani ya jokofu hushtua. Programu nyingine, ikikosa kihisi, huendelea kuonyesha namba ya mwisho iliyoipata: 5, saa baada ya saa, huku chanjo zikipata joto gizani. Kwa hiyo programu iandike wazi kwamba hakuna kipimo, pamoja na saa ya kipimo cha mwisho, ipige kengele baada ya dakika chache za ukimya, na ikatae 85 katika chombo kisichoweza kufika huko.