Ukanda wa Kivu: namna ya kupanga safari ya gari kutoka Rubavu hadi Rusizi

Miongoni mwa barabara za Afrika Mashariki zinazofuata ukingo wa maji kwa masafa marefu, ile inayoanzia Rubavu, mji ambao wengi bado wanauita Gisenyi, na kuishia Kamembe katika Wilaya ya Rusizi, ni ya kupewa nafasi ya mbele na kila msafiri anayependa mandhari, na pia ni ya kupangiwa kwa makini kuliko inavyodhaniwa. Barabara hiyo, ijulikanayo kwa jina la Kivu Belt, yaani Ukanda wa Kivu, ina urefu wa karibu kilomita 200 na hupita katika wilaya tano za Mkoa wa Magharibi wa Rwanda, ambazo ni Rubavu, Rutsiro, Karongi, Nyamasheke na Rusizi. Kabla ya lami kukamilika katika muongo uliopita, sehemu ya kaskazini ilikuwa njia ya udongo iliyoweza kumla dereva siku nzima wakati wa mvua. Leo gari dogo laweza kuondoka Rubavu asubuhi na kufika Rusizi kabla ya jua kuchwa. Wepesi huo ndio mtego wenyewe, kwa kuwa anayekwenda moja kwa moja hufika akiwa ameliona Ziwa Kivu kwa mbali tu, kutoka juu ya milima.

Sababu ya jambo hilo imo katika historia ya ziwa. Kivu limo katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kina chake katika sehemu ya chini kabisa hukaribia mita 480. Zamani za kale maji ya eneo hili yalikuwa yakielekea kaskazini, hadi milima ya volkano ya Virunga ilipoinuka na kuziba njia. Yakapanda nyuma ya ukuta huo wa mawe ya moto, yakajaza mabonde yaliyoyatangulia, na mwishowe yakafurika kusini na kuzaa Mto Ruzizi unaoteremka hadi Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo ufuo wa Rwanda si mstari ulionyooka, bali ni mabonde yaliyozama, yenye ghuba ndefu zinazoingia nchi kavu, na rasi na visiwa vilivyokuwa hapo awali migongo na vilele vya vilima. Barabara inayotaka kuufuata ufuo wa namna hiyo italazimika kupinda bila kikomo, na ndiyo maana wahandisi waliipandisha, hasa baina ya Rubavu na Karongi, kwenye miteremko ya safu ya mgawanyo wa maji ya Kongo na Nile. Safu hiyo, ambayo baadhi ya vilele vyake hupita mita 2,500, ndiyo inayoamua kama tone la mvua litaishia Bahari ya Atlantiki au Bahari ya Mediterania.

Kutokana na umbo hilo, mpango mzuri wa safari ni ule unaohesabu materemko badala ya kilomita: ni wapi msafiri ataiacha lami, atashuka hadi majini, na atakaa huko kwa muda gani kabla ya kupanda tena. Siku mbili ndicho kipimo cha chini, na siku tatu au nne ndizo zinazolitendea ziwa haki. Asiye na gari imara aache kuthubutu njia za udongo zinazoteremka ufuoni wakati wa mvua, kwani ni nyembamba na zenye kuteleza, na badala yake apande pikipiki za abiria, ambazo Rwanda nzima huitwa moto na ambazo madereva wake huijua kila kona.

Yapasa pia kutambuliwa mapema kwamba safari hii si ya kuzunguka na kurudi palipoanziwa, kama ifanywavyo Unguja au katika Kisiwa cha Ukerewe. Nusu nyingine ya ziwa ni ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pamoja na Idjwi, kisiwa kikubwa kinachoonekana upande wa magharibi karibu njia yote, ambacho kiliwekwa upande wa Kongo na mapatano ya mwaka 1910 kati ya Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza. Tangu waasi wa M23 waiteke Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, wazo la kulizunguka ziwa lote kwa gari halifai kuwekwa katika ratiba ya matembezi. Habari za mpaka na za usalama ziulizwe upya kabla ya kila safari, hata kwa yule asiyekusudia kuvuka, maana Rubavu na Goma ni mji mmoja uliokatwa na mstari, na kinachotokea upande mmoja husikika upande wa pili.

Kuhusu majira, mvua ndefu hunyesha kati ya Machi na Mei, na fupi kati ya Septemba na Disemba. Milima ya magharibi haina mzaha na mvua. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023 mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 130, wengi wao wakiwa wa mkoa huu, na Mto Sebeya, unaoingia ziwani Rubavu, ulivunja kingo na kufunika nyumba. Kwa upande mwingine, anayengoja kiangazi kikolee atakosa mambo mawili. La kwanza ni kahawa, ambayo huvunwa katika miezi ya mvua ndefu na kuendelea hadi kiangazi kinapoingia. La pili ni uvuvi wa usiku, kwa sababu kila mwaka ziwa hufungwa kwa takriban miezi miwili, kwa kawaida kuanzia Agosti, ili samaki wazaliane. Mwezi wa Juni hukusanya karibu yote: udongo umekauka, kahawa ingali juu ya meza za kuanikia, na wavuvi wangali majini.

Ndani ya mwezi wowote, Jumamosi ya mwisho ina sheria zake. Siku hiyo hufanyika umuganda, kazi ya pamoja ya wananchi ya kusafisha, kupanda miti na kukarabati njia, ambayo huanza saa mbili asubuhi hadi saa tano, na katika saa hizo maduka hufungwa na magari huwa machache barabarani. Vivyo hivyo, juma linaloanza tarehe 7 Aprili ni la kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na burudani husitishwa; anayefika wakati huo aje kwa nia ya kuomboleza na wenyeji wake, si kwa nia ya kustarehe. Dereva anayetoka Kenya, Tanzania au Uganda akumbuke kwamba Rwanda huendesha kulia, na kwamba kamera za mwendo, ambazo wananchi wamezipa jina la Sofia, hazimsamehe mgeni. Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, ni kona zenyewe, ambako baiskeli zilizobeba mikungu ya ndizi hushuka kwa kasi na watoto wa shule hutembea kwa makundi kando ya lami.

Rubavu yenyewe isipitwe kwa haraka. Mchanga wake wa ufuoni na miti mirefu ya barabara ya ziwani hufahamika na wengi, lakini kiini cha mji kwa msomaji wa Kiswahili kimo katika mitaa kama Majengo na Mbugangari, ambako lugha hii ilikuwa ya soko na ya msikiti kwa vizazi kabla ya Rwanda kuifanya lugha rasmi mwaka 2017. Kutoka mjini, njia ya kusini hufuata maji hadi Rubona na Nyamyumba, na hapa ziwa huonyesha tabia yake isiyo na kifani. Katika vilindi vyake imeyeyuka gesi ya metani inayokadiriwa kufikia kilomita za ujazo 60, pamoja na kiasi kikubwa zaidi cha kaboni dioksaidi. Kiwanda cha bia cha Bralirwa, kilichoanzishwa hapo mwaka 1957, kilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitumia metani hiyo kama nishati, tangu miaka ya 1960. Kando yake zipo amashyuza, yaani chemchemi za maji moto zilizo ukingoni mwa ziwa, ambako wenyeji huja kuchua viungo. Anayeogelea afuate fukwe zinazotumiwa na watu na asijitafutie vishimo vya pekee yake, kwa sababu katika ardhi ya volkano inayozunguka Goma na Rubavu kuna mazuku, mabonde madogo ambamo kaboni dioksaidi, iliyo nzito kuliko hewa, hujikusanya chini na kuweza kuua mnyama au binadamu bila harufu wala dalili.

Rubona ndipo panapofaa kulala usiku wa kwanza, kwa ajili ya sambaza. Samaki huyu mdogo wa rangi ya fedha si wa asili ya Kivu; aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na tangu hapo amekuwa kitoweo cha pwani nzima. Mitumbwi yake ya uvuvi hufungwa mitatu mitatu kwa miti ya mikaratusi, kila kundi likiitwa ikipe, na kutoka mbele na nyuma hutokeza boriti ndefu zinazoshikilia nyavu. Jua likizama ikipe hizo huondoka kwa makasia, wavuvi wakiimba na kupiga miluzi ili mikono iende sawa, kisha taa huwashwa kuwavuta samaki juu. Alfajiri wanaporudi, wanawake wa biashara huwa wameshafika ufuoni na ndoo zao, na kabla ya saa mbili sambaza wengi wameshauzwa. Wakikaangwa hadi wakauke, wakakamuliwa limau na kutonewa pilipili ya akabanga, huliwa wazima wazima, kichwa na mkia. Anayepita Rubona mchana hukuta mitumbwi mitupu imeegeshwa, na hawezi kujua amekosa nini.

Baada ya Pfunda, penye mashamba na kiwanda cha chai, barabara huiacha ile ya Kigali na kupanda kuelekea Rutsiro. Sehemu hii ndiyo yenye hewa baridi na mandhari mapana kuliko zote, na ndiyo iliyo mbali zaidi na maji. Upande wa mashariki ipo Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura, mabaki ya msitu uliokatwa vibaya katika karne iliyopita na ambao sasa unarudishwa; ilifunguliwa kwa wageni mwaka 2020, na sokwe wangali wanaishi humo. Upande wa magharibi njia za udongo hushuka hadi vijiji vya kahawa kama Kinunu, ambako punje huoshwa, kuchambuliwa kwa mkono na kugeuzwageuzwa juani. Walioiandaa njia ya miguu na baiskeli ya Kongo-Nile, yenye kilomita 227 na iliyozinduliwa mwaka 2011, waliyajua materemko haya kabla ya lami, na mwenye gari hana mwongozo bora kuliko kufuata vituo vyao.

Karongi, iliyoitwa Kibuye, yastahili usiku wa pili na, ikiwezekana, mchana mzima. Hapa rasi na visiwa vimesongamana kiasi kwamba gari halina kazi tena. Boti ya kukodi ndiyo inayofungua mandhari. Kisiwa cha Napoleon, kilichopewa jina kwa kufanana na kofia ya mfalme huyo wa Ufaransa, kina popo wengi mno, na katika maji yaliyo karibu huonekana pengine ng'ombe wakiogelea kutoka kisiwa hadi kisiwa kufuata malisho, pua na pembe tu zikiwa juu. Kutoka hapo hapo huonekana mtambo wa KivuWatt, unaovuta maji ya vilindini, kutenga metani na kuzalisha umeme wa megawati 26. Milima ya Bisesero, mwendo wa saa chache kwenda na kurudi, ni pa kufikiwa kwa makusudi: Watutsi waliokimbilia huko mwaka 1994 walijihami kwa mawe na mikuki kwa wiki nyingi kabla ya kuzidiwa, na ukumbusho uliojengwa mlimani uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2023. Ratiba inayoweka ziara hiyo asubuhi na matembezi ya boti jioni ile ile haijafikiriwa vizuri. Bora kila moja ipewe siku yake.

Kuanzia Karongi kuelekea kusini barabara husogea karibu na ghuba, hivi kwamba Nyamasheke huweza kufaidiwa kutoka dirishani. Ntendezi ni njia panda: upande mmoja hushuka Kamembe, penye mandhari ya mwanzo wa Mto Ruzizi na boti za kwenda Kisiwa cha Nkombo, upande wa pili hupanda kuingia Nyungwe, msitu wa zaidi ya kilomita za mraba 1,000 ulioingizwa pia katika orodha ya UNESCO mwaka 2023, na ndiyo njia ya kurudi Kigali kupitia Huye. Kwa kuwa ndani ya hifadhi hakuna kituo cha mafuta na ukungu hushuka mapema alasiri, tangi lijazwe Kamembe na safari ya kurudi ianze asubuhi.