Homa baada ya kuwekewa mpira kwenye mshipa: dozi ni siku 7, 14 au wiki sita?

Kwa mtu wa Songosongo au Kilwa Kisiwani, kulazwa Lindi mjini wiki moja ni habari nyingine na wiki mbili ni habari nyingine kabisa. Ndugu anayemuuguza anatakiwa kula na kupata pa kulala, na huku nyumbani hakuna anayekwenda baharini. Kwa hiyo swali la sindano zichomwe siku ngapi si la madaktari peke yao.

Inakuwa hivi. Mgonjwa anawekewa katheta, ule mpira mwembamba unaoingia kwenye mshipa mkubwa, mara nyingi shingoni. Wanaowekewa ni watu kama wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu, au mahututi. Bakteria wa kwenye ngozi, au wa kwenye mikono ya anayeushika, wanapita na mpira mpaka ndani ya damu. Mgonjwa anapata homa na kutetemeka, pengine muda mfupi tu baada ya mpira kutumika.

Pwani ya kusini homa ikipanda watu wanawaza malaria kwanza. Si ajabu, malaria bado ipo. Ila mwenye mpira kwenye mshipa asiishie kwenye kipimo cha malaria. Damu yake inatakiwa ichukuliwe ikaoteshwe maabara, na ichukuliwe kabla ya antibayotiki ya kwanza.

Maambukizi ya damu si ya kuchezea. Utafiti uliofanyika Muhimbili mwaka 2001 na 2002 kwa watoto 1,828 waliolazwa ulionesha kuwa kati ya waliokutwa na bakteria kwenye damu, asilimia 34.9 walifariki. Kwa waliokuwa na malaria ilikuwa asilimia 20.2. Utafiti huo haukuhusu mipira pekee, lakini unaonesha uzito wa jambo lenyewe.

Mpira kwanza, siku baadaye

Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanahesabu siku za dawa wakati mpira wenye wadudu bado uko ndani. Bakteria wanajijengea utando kwenye plastiki, na dawa inapata shida kuupenya. Mara nyingi mpira unatolewa, na siku zinahesabiwa kuanzia pale damu iliyooteshwa tena inapoonekana haina wadudu. Si kuanzia siku ya kulazwa.

Baada ya hapo inategemea ni mdudu gani. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2009, ambao bado unarejewa sana, unatoa siku 5 hadi 7 kwa stafilokoka wa kawaida wa kwenye ngozi kama mpira umetolewa, na siku 7 hadi 14 kwa bakteria wa jamii ya E. coli na Klebsiella. Fangasi aina ya Candida anahitaji siku 14 baada ya damu kuwa safi.

Je, hizo siku 14 zote ni lazima? Mwezi Novemba 2024 yalitoka majibu ya utafiti mkubwa uitwao BALANCE: wagonjwa 3,608, hospitali 74, nchi saba. Ndani ya siku 90 walifariki asilimia 14.5 ya waliopangiwa dozi ya siku 7, na asilimia 16.1 ya waliopangiwa siku 14. Maana yake dozi fupi haikuwa mbaya kuliko ndefu.

Lakini taratibu. Waliopata maambukizi kupitia mipira ya kwenye mishipa walikuwa asilimia 6.3 tu, na hakuna nchi ya Afrika kati ya hizo saba. Pia wenye Staphylococcus aureus hawakuingizwa kabisa.

Huyo aureus ndiye wa kuogopwa. Anapenda kujificha kwenye vali za moyo, mifupa na uti wa mgongo. Kwake siku 14 ndiyo kiwango cha chini kabisa, tena kwa mgonjwa asiye na tatizo lolote la ziada. Wengine wanakwenda wiki nne hadi sita.

Shida ni kwamba bila kuotesha damu, daktari hajui anapambana na nani, na si kila hospitali ya wilaya ina maabara ya kazi hiyo. Bila jibu la maabara ni rahisi kuishia kwenye dozi ndefu, na dozi ndefu zisizo na sababu zinaongeza usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ule ambao Wizara ya Afya inauita UVIDA.

Kwa hiyo kabla hamjaanza kuomba ruhusa ya kurudi Kilwa, muulizeni daktari mambo matatu: mdudu gani ameonekana, mpira umetoka lini, na siku ya kwanza imehesabiwa kuanzia lini. Na kama baada ya kuruhusiwa homa inarudi, au mgongo unaanza kuuma hata wiki kadhaa baadaye, msiishie duka la dawa pale Nangurukuru. Rudini hospitali, na mtaje kwamba mgonjwa aliwahi kuwekewa mpira.