Sebule Ndogo Isiyobana
Vyumba vya majumba ya kale ya Lamu vilikuwa vyembamba, kwani upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, takriban mita 3. Hata hivyo havikubana: kuta zilipakwa chokaa nyeupe, na zidaka zilizojengwa ndani yake zilihifadhi vyombo, ukuta ukaonekana umerudi nyuma.

Nasi wakaazi wa fleti za Mombasa twaweza kuiga. Seti kubwa ya makochi, tuseme kweli, humeza sebule nzima, watoto wakakosa pa kuswalia. Twapendelea magodoro membamba na mito kandokando ya ukuta, na kioo kikabilicho dirisha. Pazia jepesi jeupe hupitisha mwanga na kuhifadhi sitara mchana. Usiku liongezwe zito, maana taa ikiwaka ndani, jepesi huonyesha yote.